Tundu Ni Moja, Uwezo Ni Mbalimbali

Nilinyamaza kidogo, kazi zilinizidi. Leo nina dukuduku rohoni na lazima nilitoe.

Mwezi uliopita nilialikwa na chama cha wakulima niwaonyeshe programu niliyounda ya kuweka hesabu za maziwa. Kwa kuwa programu yenyewe ni ya simu, tarakilishi niliiacha nyumbani. Nikapitia Luthuli Avenue, nikanunua adapta ya kutoka USB-C hadi HDMI kwa shilingi 1,500, nikapanda matatu. Kufika ukumbini nikachomeka adapta kwenye simu, waya kwenye projekta. Giza! Nikachomoa, nikachomeka tena. Giza lile lile. Wazee zaidi ya 30 wakaanza kupokezana kijisimu changu, wakikodolea macho tarakimu. "Tutakuita, kijana," akasema mwenyekiti. Mpaka leo sijaitwa.

Nilirudi kwa muuzaji nikifoka. Akaichukua adapta ile ile, akaichomeka kwenye simu yake, na picha ikatokea kwenye runinga ya dukani. Adapta haikuwa na kosa. Simu yangu ndiyo isiyojua kutoa picha.

Hapo ndipo wengi tunapotea. Adapta ya namna hii ni mkalimani tu: simu hutoa picha kwa lugha ya DisplayPort, nayo huigeuza kuwa HDMI. Simu isiposema neno, mkalimani atafasiri nini? USB-C, iliyotoka mwaka 2014, ni umbo la tundu. Kutoa picha ni uwezo wa ziada ambao mtengenezaji anaweza kuuweka au kuuacha, na kwenye simu nyingi za bei nafuu huachwa.

Wala si mara ya kwanza. MHL ilipoanza mwaka 2010, simu zilipitisha picha kwenye tundu la micro-USB. Mwaka 2012 ikaja Nexus 4 yenye tundu la umbo lilo hilo, lakini ikitumia SlimPort. Mwenye adapta ya MHL akabaki mikono mitupu.

Najua wenzangu wa fani watasema mnunuzi asome maelezo kwanza. Mimi kusoma maelezo ndiyo kazi yangu, na sanduku la simu yangu limeandikwa "USB-C", basi. Aliyeficha habari asimlaumu aliyeikosa. Maoni yangu ni haya: kama tundu halitoi picha, sanduku liseme hivyo waziwazi. Kama linatoa, iwekwe alama kando ya tundu.

Kwa sasa, kabla hujatoa pesa, tafuta jina kamili la simu yako pamoja na neno DisplayPort. Bora zaidi, ijaribu simu yako mwenyewe pale pale dukani. Ikishindwa, zipo adapta za DisplayLink, ambazo husafirisha picha kama data ya kawaida ya USB kwa msaada wa programu unayoweka kwenye simu ya Android. Na ukikuta projekta ni ya VGA pekee, kumbuka VGA haibebi sauti.

Mimi siku hizi nabeba tarakilishi. Heri mzigo begani kuliko giza mbele ya wazee.