Daftari Lipo, Mali Haipo

Mali bila daftari hupotea bila habari, walinena wahenga. Huko London mambo yaligeuka: daftari limebaki, mali ndiyo iliyopotea.

Daftari lenyewe ni la Philip Henslowe, mwenye jumba la michezo la Rose lililojengwa mwaka 1587. Tangu 1592 aliandika jina la mchezo na fungu lake la fedha za siku ile. Karatasi zake zimehifadhiwa hadi leo katika chuo cha Dulwich, kilichoasisiwa mwaka 1619 na Edward Alleyn, mchezaji aliyemwoa binti wa kambo wa Henslowe. Lakini michezo mingi iliyotajwa humo haionekani tena. Maandishi yalikuwa mali ya wachezaji, nakala zilikuwa chache, na mengi hayakupigwa chapa kamwe.

Sisi Waislamu wa pwani tuna sababu yetu ya kulitazama daftari hilo. Februari 1592 limeandikwa “Muly Mollocco”, yaani Sultani Abdulmalik wa Moroko. Jeshi lake ndilo lililomshinda Mfalme Sebastian wa Ureno mwaka 1578, na wote wawili wakafa siku moja. Sebastian hakuacha mtoto. Mwaka 1580 ufalme wa Ureno ukaingia mikononi mwa Philip wa Uhispania, na katika zama zake ndipo Ngome ya Mombasa ilipoanza kujengwa, mwaka 1593. Agosti 1594 limeandikwa tena jina jingine: “Mahomet”.

Je, Mwislamu alionyeshwa kwa heshima au kwa kejeli? Daftari halijibu, lasema tu shilingi ngapi ziliingia. Wako wataalamu wanaodhani “Muly Mollocco” ndio mchezo wa George Peele juu ya vita vya 1578, uliochapwa mwaka 1594. Humo Abdulmalik ni mtawala wa haki, na mwovu ni mpwa wake aliyewaleta Wareno. Wengine wanakataa kuwa ni mchezo mmoja. Basi adaiye kwamba Waingereza wa wakati ule walitutukana tu, na adaiye kwamba walitusifu, wote wawili wajihadhari: jina si maneno, wala hesabu si ushahidi wa yaliyosemwa.

Nawe msomaji, kama sandukuni mna khati za wazee, usitosheke kuandika majina yake. Zinakili maneno yenyewe kabla mchwa hawajazisoma.