Vileja na Msamiati Unaopotea Jikoni

Wahenga waliposema kwamba haba na haba hujaza kibaba, walitaja chombo ambacho kila mpishi wa zama zao alikifahamu kwa mkono wake. Leo methali hiyo ingali hai katika insha na mitihani, ilhali kibaba chenyewe kimetoweka jikoni. Wanafunzi wengi wa Kiswahili wanaweza kueleza maana yake na kutaja takriri iliyomo. Ni wachache watakaokumbuka kwamba vibaba vinne hufanya pishi moja. Pengo hili huonekana dogo mpaka siku mtu anapojaribu kupika kitu alichokila utotoni.

Chukua mfano wa vileja, zile biskuti za unga wa mchele ambazo katika nyumba nyingi za Waswahili huandaliwa kwa ajili ya Idi. Viungo vyake havina siri: unga wa mchele, samli, sukari, mayai na iliki. Hata hivyo, mjukuu aliyelelewa Mombasa na ambaye sasa yuko chuoni bara, akijaribu kuvipika, huenda vikatoka vigumu kama kokoto, au vikamong'onyoka kabla ya kufika mdomoni. Akipiga simu nyumbani, nyanya yake humjibu, "Tia samli mpaka unga ushikane." Kwa mjukuu, hicho si kipimo. Kwa nyanya, ni kipimo kamili.

Na nyanya hakosei. Unga wa mchele hauna ile protini inayoufanya unga wa ngano unate na kuvutika. Kinachovishikilia vileja ni mafuta na mayai. Samli imechemshwa hata maji yake yakakauka, ilhali majarini ya dukani aghalabu huwa na maji asilimia 16 au zaidi. Anayebadilisha moja kwa nyingine, kijiko kwa kijiko, hupika kitu kingine. Aidha, mchele uliorowekwa, ukaanikwa, ukatwangwa na kuchekechwa nyumbani hauna unyevu sawa na unga wa pakiti. Kwa hivyo, kiasi cha samli hakiwezi kuwa kimoja siku zote. "Kushikana" ni istilahi: unga ukifumbatwa kiganjani hubaki na alama za vidole, na ukiguswa huvunjika. Vivyo hivyo kitenzi "kupalia", yaani kuweka makaa ya moto juu ya kifuniko ili chakula kiive juu na chini. Anayewasha oveni kwa kitufe hana haja nacho, na kitenzi kisichotumika hufa.

Wapo watakaodai kwamba mapishi si taaluma, na kwamba gramu zikishaandikwa kazi imekwisha. Ni kweli kwamba gramu husaidia, asiyeandika hupoteza. Lakini gramu huhifadhi kiasi cha siku moja tu, na neno huhifadhi maarifa ya kukirekebisha kiasi hicho siku unga unapobadilika. Inasikitisha kuona wapenzi wa Kiswahili wakitoa jasho kubuni istilahi za kompyuta, huku istilahi zilizokomaa jikoni zikizikwa pamoja na wenyewe.

Dawa yake haihitaji ufadhili. Mwanafunzi anayekwenda likizo na aketi jikoni na nyanya yake, akiwa na daftari na mizani. Apime bakuli la samli kabla ya upishi na baada yake, ili mkono wa nyanya uwe huru kufanya kazi kama ulivyozoea. Kisha aandike yote mawili: gramu zilizotumika, na kitenzi kilichotamkwa wakati huo. Akirudi chuoni atakuwa na vileja vya kuwaonjesha wenzake, na data ambayo haipatikani maktabani. Idi nyingine itafika. Nyanya si lazima awepo.