Tuache kucheka wanaoshrub

Mwaka jana nilikesha hapa Kitengela nikiandika makala ambayo mteja hakuitaka.

Ilikuwa kazi ya mtandaoni. Mteja ni Mmarekani, na alikuwa ameagiza makala mbili. Nilipomtumia ya kwanza akajibu: "Let's table the second one." Sasa mimi nimekulia Kenya. Kila siku kwenye habari nasikia ripoti imewasilishwa mezani Bungeni, na kwa Kiingereza cha Bunge letu hiyo ndiyo "table". Nikajua anasema: leta hiyo ya pili tuione. Nikanunua bundles, nikachemsha chai, nikaandika mpaka matatu za kwanza za Nairobi zikaanza kupiga honi. Asubuhi nikaituma. Jibu likaja: kwani hukusoma? Alikuwa amesema tuiweke kando kwanza. Hiyo ya pili hakuilipia hata shilingi, na kazi nyingine hakunipa.

Kumbe neno hilo moja lina maana mbili zinazopingana. Kwa Waingereza, na sisi tuliorithi Bunge la aina yao, "to table" ni kuleta jambo lijadiliwe. Kwa Wamarekani ni kuliahirisha. Winston Churchill aliandika katika kumbukumbu zake za Vita vya Pili vya Dunia kwamba maafisa wa pande hizo mbili walibishana kwa muda mrefu juu ya neno hilo hilo, kabla ya kugundua kwamba wote walitaka kitu kimoja. Kama wenye lugha waliteleza, mimi ni nani?

Lakini sitajificha nyuma ya Churchill. Usiku ule nilikuwa na shaka kidogo. Swali moja la sekunde kumi lingeniokoa. Sikuuliza kwa sababu niliogopa kuonekana sijui Kimombo.

Woga huo hatukuzaliwa nao. Wengi wetu tulivalishwa diski shuleni kwa kuongea lugha ya mama. Mtu akisema "lice" badala ya "rice", darasa zima linaanguka kwa kicheko. Rafiki yangu mmoja wa Isinya alianza na Kimaa nyumbani, akaokota Kiswahili sokoni, kisha akakutana na Kiingereza darasani. Huyo ni mtu wa lugha tatu, lakini baada ya kuchekwa siku moja hakuinua mkono tena mpaka akafanya KCSE. Katiba ya 2010 inasema Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi. Haijasema moja ni ya wajanja na nyingine ya washamba.

Tulifunzwa pia kwamba Kiingereza kizuri ni kile kizito. Kumbuka zile insha: jua lazima liwe na miale ya dhahabu, na mwizi lazima atimke kama umeme. Ndiyo maana leo msee anaandika "commence" kwenye CV, lakini akiambiwa kwa simu "bear with me", yaani nivumilie kidogo, anabaki akijiuliza dubu ametokea wapi.

Hatuko peke yetu. Kwa kijana wa Maputo au São Paulo, "commence" na "facilitate" ni mteremko, maana Kireno chake kina "começar" na "facilitar". Kinachomtesa ni vineno vidogo kama "put up with", yaani kustahimili. Tena kuna maneno yanayofanana na ya kwao halafu yanamdanganya. "Actually" ni kwa kweli, lakini "atualmente" ya kwake ni kwa sasa.

Na sisi Kireno tunacho mdomoni kila siku. Wareno walianza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, wakafurushwa 1698, lakini meza, bendera na leso zikabaki. Hata gereza limetoka kwa "igreja", ambalo kwao ni kanisa! Neno likisafiri hubadilika. Kama unataka kujua limefikia wapi, muulize anayelitumia.

Sisemi tutupe kamusi. Nasema ukikutana na nahau, andika sentensi nzima pamoja na aliyeisema, kama ni Mwingereza au Mmarekani. Ukiwa na shaka na kuna pesa hapo, uliza kabla hujaanza kazi. Na mwenzako akishrub, msikilize anachosema. Kila tukimcheka mmoja, wengine kumi wanajifunza kunyamaza, na kunyamaza kuna gharama. Mimi nililipa yangu kwa usiku mzima.

Juzi mteja mpya aliniandikia "let's circle back." Nikamuuliza turudie hiyo stori lini. Akasema Jumatano. Nikazima laptop, nikalala.