Historia Ishikwe kwa Mikono

Mwalimu anaingia darasani akiwa na chaki mkononi na daftari la maandalio kwapani. Anaandika ubaoni mwaka 1331, anaandika jina la Ibn Battuta, anaandika Kilwa. Wanafunzi wananakili. Kengele inalia, daftari zinafungwa. Baada ya majuma machache mwanafunzi anaulizwa katika mtihani: Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka gani? Anajibu barabara, anapewa alama zake. Lakini mwulize mwanafunzi huyo huyo nyumba za mawe za Kilwa zilijengwa kwa kitu gani, paa lake lilishikwa na nini, na kwa sababu gani vyumba vyake vilikuwa vyembamba, atakutazama tu. Elimu ya namna hii ni sawa na kumpa mwenye njaa jina la chakula badala ya chakula chenyewe.

Sisi tunasema kwamba historia ya taifa letu haina budi kufundishwa kwa mikono pamoja na masikio. Tunasema kwamba kila darasa la historia lijenge modeli. Kwa neno hilo tunakusudia kitu kilichoumbwa kwa mfano wa kitu kikubwa, kikapunguzwa kwa kipimo kimoja kila upande, kama vile skeli ya ramani inavyoipunguza nchi hata ikaenea katika ukurasa. Hatusemi juu ya mapambo ya kuweka kabatini, wala michezo ya kupotezea wakati. Tunasema juu ya kazi ya elimu, yenye taabu yake na adabu yake.

Wapo watakaodhani kwamba jambo hili ni geni, kwamba limeletwa na wataalamu wa nje. Hao wamesahau kwao. Wazee wetu katika sehemu nyingi za nchi, wakiwemo Wazigua na Washambaa, waliwafunza vijana wa jando na unyago kwa vinyago vya udongo. Hans Cory alikusanya habari za vinyago hivyo akazitoa katika kitabu mwaka 1956. Kila kinyago kilikuwa na fundisho lake, na mwari alikitazama huku akielezwa maana yake. Hata leo mtoto wa mfugaji hufinyanga ng'ombe wa udongo akawapanga zizini, na mtoto wa mjini hukunja waya akapata gari lenye usukani. Watoto hawa wakifika shuleni huambiwa wafunge mikono na wasikilize. Tangu lini mikono ikawa adui wa akili?

Hii ni kasumba ya zamani. Mwaka 1967, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliilaumu elimu iliyowafanya watu waamini kwamba maarifa yote yenye thamani hutoka vitabuni au kwa waliosoma, na kwamba wazee wasiojua kusoma hawana la kufundisha. Miaka mingi imepita. Mashamba ya shule yamelimwa, lakini somo la historia limebaki pale pale, limekaa juu ya kiti na kunakili.

Na tutoe mfano mmoja kwa urefu, ili msomaji aone tunalolisema. Mwalimu achukue nyumba ya mawe ya pwani yetu, kama zile ambazo magofu yake yangaliko Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Kuta zake zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Paa lake la sakafu, lililo zito mno, lilibebwa na boriti za mikoko. Sasa mwalimu awaambie wanafunzi wake: tutajenga kwa skeli ya 1 kwa 50, yaani kila mita moja ya nyumba itakuwa sentimita 2 mezani petu. Kisha awape vijiti vya sentimita 6, na awaonye kwamba ni marufuku kuunganisha vijiti viwili.

Wanafunzi wataanza kwa kuchora nyumba waijuayo, yenye sebule pana kama nyumba za saruji za leo. Watasimamisha kuta za udongo. Watakapofika kwenye paa, kijiti hakitafika. Watakigeuza huku na huku, na bado hakitafika. Hapo ndipo watakapomgeukia mwalimu na kuuliza, na mwalimu mwenye hekima hatajibu upesi. Atawaacha mpaka mmoja wao atambue kwamba boriti haiwezi kubeba uzito huo ikivuka nafasi ya zaidi ya mita 2 na nusu au 3, na kwamba kwa sababu hiyo mwashi alikifanya chumba kuwa chembamba, akakirefusha kadiri alivyotaka. Mwingine atatambua kwamba mwenye kutaka nafasi pana hana budi kusimamisha nguzo katikati, au kujenga kuba. Waonyesheni basi picha ya Msikiti Mkuu wa Kilwa na nguzo zake nyingi. Hawatahitaji kuambiwa maana yake.

Kutoka hapo maswali yatafuatana kama siafu. Boriti zilikatwa wapi? Katika mikoko ya pwani, na delta ya Rufiji ikawa mashuhuri kwa biashara hiyo. Zilikwenda wapi tena? Zilipakiwa majahazini zikavuka bahari hadi Uarabuni na Ghuba ya Uajemi, nchi zenye uhaba wa miti, na huko nako upana wa vyumba ukafuata urefu wa boriti. Hivyo kijiti cha sentimita 6 kimemfundisha mwanafunzi ujenzi, mazingira na biashara ya Bahari ya Hindi kwa siku moja. Ni ukurasa gani wa kunakili uliowahi kufanya hivyo?

Modeli ina faida nyingine, nayo ni kuhifadhi. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za nazi pasipo msumari, kikasafiri kwa tanga la mkeka, ulikuwa ukipita katika bahari yetu kwa karne nyingi. Leo hakuna hata mtepe mmoja wa zamani uliobaki. Elimu tuliyo nayo juu ya umbo lake imetokana kwa sehemu kubwa na picha, maelezo ya wasafiri, na modeli zilizoumbwa na watu walioujua mtepe kwa macho yao. Chombo kikubwa kimeoza, kidogo kimebaki kushuhudia. Ni nani ajuaye ni vitu gani vya leo vitakavyokuwa mtepe wa kesho? Nyumba ya msonge inatoweka machoni petu. Mwanafunzi aipimaye nyumba ya babu yake kwa kamba, akaihesabu fito zake na kuijenga upya kwa skeli, amelitendea taifa kazi ya makumbusho.

Kadhalika ukoloni ulitufundisha kwamba chuma kililetwa na wageni. Maneno matupu ya kukanusha hayatoshi. Katika miaka ya 1970 wazee wa Buhaya, ambao ufuaji wao ulikuwa umekoma miaka mingi nyuma, walijenga tena tanuri la kuyeyushia chuma mbele ya watafiti. Walitumia udongo wa kichuguu kwa sababu hustahimili moto, wakaweka majani ya kinamasi yaliyochomwa, wakapanga mifereji ya udongo iliyopeleka upepo wa mivukuto ndani kabisa ya tanuri. Mwaka 1978 wataalamu Peter Schmidt na Donald Avery walitangaza katika jarida la sayansi la Marekani matokeo ya uchunguzi huo, na dunia ikajua kwamba maarifa hayo yalikuwapo kandokando ya Ziwa Viktoria tangu zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Mwanafunzi aliyefinyanga modeli ya tanuri hilo, iliyokatwa ubavuni ili njia ya upepo ionekane, hawezi tena kudanganywa kwamba babu zake walikaa wakingoja. Vivyo hivyo, anayetaka kufundisha juu ya Engaruka na apange sinia ya mchanga wenye mteremko, achimbe vijifereji, amwage maji taratibu. Maji yenyewe yatawafundisha watoto akili za wakulima wale.

Lakini tusijidanganye. Si kila modeli ni elimu. Tuliwahi kuingia katika shule moja tukaonyeshwa, kwa fahari kubwa, modeli ya ikulu ya mtawala wa zamani. Ilikuwa imefungiwa ndani ya kioo katika ofisi, imepakwa rangi ya kung'aa. Tuliuliza imejengwa na wanafunzi wa kidato gani. Tukaambiwa imejengwa na fundi aliyelipwa, kwa ajili ya wageni waliokuja kukagua. Tuliuliza skeli yake, hakuna aliyejua. Tulipoinama kuitazama vizuri tuliona kwamba mtu aliyesimama mlangoni alikuwa mrefu kuliko mlango wenyewe. Wanafunzi hawakuruhusiwa kuigusa. Hicho si kielelezo cha historia, bali ni kielelezo cha unafiki wetu. Kipimo ndicho adabu ya modeli. Pasipo kipimo, kinachobaki ni sanamu ya kufurahisha macho.

Sasa tuwajibu wanaopinga. Kwanza husemwa kwamba hakuna wakati, kwa kuwa mtihani unangoja. Tunajibu kwamba wakati unaopotea ni ule wa kufundisha jambo moja mara nne kwa sababu halikuingia mara ya kwanza. Pili husemwa kwamba shule ni maskini. Udongo unauzwa wapi? Maboksi, vijiti, mchanga na majani ya minazi havihitaji fedha za kigeni. Tatu husemwa kwamba darasa lina wanafunzi wengi mno. Hoja hii ina uzito, nasi hatuidharau, maana mwalimu mwenye wanafunzi 80 ana haki ya kulalamika. Lakini nyumba haijengwi na mtu mmoja. Kundi moja likande udongo, jingine lipime, la tatu likaulize wazee, la nne liandike maelezo. Wingi unaomlemea mwalimu anayeimlisha ndio unaomfaa mwalimu anayejenga.

Ipo hoja ya nne, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Husemwa kwamba modeli husema uongo. Huonyesha kuta, haionyeshi jasho. Modeli ya Husuni Kubwa, jumba lile la Kilwa la karne ya 14 lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, inaweza kumfanya mtoto amsifu sultani na kuwasahau waliobeba mawe. Hoja hii ni ya kweli. Ndiyo sababu tunataka kila modeli iwe na watu, tena watu waliopimwa kwa skeli ile ile. Katika skeli ya 1 kwa 50, mtu mzima hazidi sana sentimita 3. Mwekeni mtu huyo chini ya ukuta, na kikapu cha mawe kichwani. Mwanafunzi ataona udogo wake mbele ya ukuta, atauliza ni nani huyu, alilipwa nini, alikuwa huru au mtumwa. Na pale ambapo ushahidi umekatika, wanafunzi wasizibe pengo kwa kubuni. Waliache wazi, waweke kibandiko chenye maneno haya: hapa hatujui. Darasa lililojifunza kuandika maneno hayo mawili limeishika roho ya elimu ya historia.

Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umeleta shuleni somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Ni hatua njema. Lakini somo jipya likifundishwa kwa mtindo wa zamani litakuwa mvinyo ule ule wa mnazi katika kibuyu kilichosuguliwa nje. Watoto watakariri majina ya mashujaa wao kama walivyokariri ya watu wengine, na watayasahau vile vile.

Basi walimu, msingoje vifaa kutoka mjini. Anzeni na kilicho karibu: gofu, boma, kisima, tanuri, nyumba ya bibi. Nanyi wanafunzi, msione haya kuchafuka udongo. Nendeni na kamba mkapime, waulizeni wazee, rudini mjenge. Mkikosea bomoeni mjenge tena, kwa maana hata waashi wa Kilwa hawakuzaliwa wakijua kujenga. Taifa linaloijua historia yake kwa masikio tu litaambiwa lolote na yeyote. Lakini mtu aliyeijenga nyumba ya wazee wake kwa mikono yake mwenyewe, jiwe kwa jiwe na boriti kwa boriti, ni nani atakayemwambia kwamba haikuwapo?