Taras na Masala Kulangwa

Wako wasemao kwamba mji wa biashara hauna haja ya ngano za wahenga. Huo ni upotovu. Taras, mji wa kale wa Wayunani kusini mwa Italia, ulisifika kwa sufu. Nao uliitwa kwa jina la Taras, mwana wa Poseidon, mungu wa bahari. Wenyeji wakamchora katika sarafu zao za fedha, amempanda pomboo. Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioundwa mwaka 2012, imezungukwa na mashamba ya pamba. Wasukuma nao wana Masala Kulangwa, aliyeliua zimwi Shing'weng'we na kuwatoa watu tumboni mwake. Ikiwa hadithi haikuwaaibisha wauza sufu, yawaaibisheje wauza pamba? Masala na afundishwe pamoja na hesabu.