Kisahani Kimfae Mtoto, Si Mtoto Akifae Kisahani

Katika kambi nyingi za askari na polisi, uwanja wa gwaride ukishaachwa na mabuti ya asubuhi huwa mali ya watoto wakati wa jioni. Hapo ndipo vipaji vya kwanza vya riadha huonekana, kabla hata ya mwalimu wa michezo kuvitambua. Uganda haijasahau kwamba John Akii-Bua, aliyejipatia nishani ya dhahabu mjini Munich mwaka 1972 kwa kuruka viunzi mita 400 katika sekunde 47.82, alikuwa polisi. Wala haijasahau kwamba Stephen Kiprotich, mshindi wa marathoni ya Olimpiki mjini London mwaka 2012, alitoka katika jeshi la Magereza.

Hao, hata hivyo, walikuwa wakimbiaji. Wapo watoto ambao hawakujaliwa mbio, nao huvutwa zaidi na michezo ya kutupa: tufe, mkuki na kisahani. Miongoni mwao wamo wadogo wa umbo, wenye mikono myembamba na viganja vifupi, ambao mara nyingi huambiwa kuwa kutupa ni kazi ya wenye miili mikubwa. Neno hilo si la haki. Aghalabu kinachomshinda mtoto wa namna hiyo si mchezo wenyewe, bali ni kisahani alichopewa.

Kosa hilo huanzia nyumbani. Baba au mama humnunulia mtoto kisahani cha mtu mzima kwa hesabu ileile ya sare ya shule: kiwe kikubwa ili akue nacho. Sare kubwa hukunjwa upindo, na mwaka ujao ikafunguliwa. Kisahani hakikunjwi. Mtoto anayetupa chuma kilichozidi nguvu zake hujifunza kukivuta kwa bega badala ya kukizungusha kwa mwili mzima, na mazoea hayo mabaya hukua pamoja naye. Bega huanza kuuma, kiwiko kikafuata, na baada ya majuma machache kisahani kinalala chini ya kitanda. Fedha zimepotea, na mtoto ameamini kwamba hafai.

FUNZO LA MWAKA 1896

Historia ya mchezo huu ina kisa kinachofaa kukumbukwa na kila mzazi. Robert Garrett, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton huko Marekani, alitaka kushiriki Olimpiki ya kwanza ya zama hizi, iliyofanyika mjini Athens mwaka 1896. Kwao kisahani kilikuwa hakijulikani, basi akatengenezewa kimoja cha chuma kwa kufuata maelezo ya watu wa kale. Kilitoka kizito mno hata akakata tamaa ya kukitupa. Alipofika Athens aligundua kuwa kisahani halisi kilikuwa cha kilo 2 hivi tu. Akaingia mashindanoni na kuwashinda Wagiriki katika mchezo wao wenyewe, kwa mita 29.15.

Nguvu za Garrett hazikuongezeka safarini. Kilichobadilika ni chombo alichoshika.

UZITO WA KILA RIKA

Sheria za kimataifa za riadha humpa mwanamume mzima kisahani cha kilo 2, na mwanamke cha kilo 1. Kijana wa kiume aliye chini ya miaka 20 hutupa cha kilo 1.75, na aliye chini ya miaka 18 hutupa cha kilo 1.5. Msichana wa chini ya miaka 18 hupewa cha kilo 1, sawasawa na bingwa wa dunia. Kwa watoto wadogo zaidi hutengenezwa visahani vya gramu 750.

Kwa hiyo msichana wa miaka 11 au 12, tena mdogo wa umbo, aanze na cha gramu 750. Mvulana wa umri huo huanza na hichohicho, au cha kilo 1 ikiwa mkono wake unakiweza. Askari wa kike aliyeajiriwa juzi, mfupi na mwembamba, ambaye hajapata kushika kisahani maishani mwake, naye asione haya kuanza na gramu 750. Kilo 1 ni sheria ya mashindano, si sheria ya mazoezi. Hata sajini mstaafu aliyetimiza miaka 60, akiingia katika mashindano ya wakongwe, huruhusiwa kuweka chini kilo 2 na kutupa kilo 1.

Wepesi una faida inayoonekana kwa macho. Umbali wa kisahani hutegemea zaidi mwendo kinaotokea nao mkononi, na mkono dhaifu hupata mwendo mkubwa zaidi kwa chombo chepesi. Rekodi ya dunia ya wanawake, mita 76.80, iliwekwa na Gabriele Reinsch wa Ujerumani Mashariki mwaka 1988. Ile ya wanaume, mita 75.56, iliwekwa na Mykolas Alekna wa Lithuania mwaka 2025. Alekna ni mtu mkubwa mwenye nguvu nyingi, lakini kisahani chake kina uzito maradufu ya kile cha Reinsch.

KIGANJA NACHO KIPIMWE

Uzito si kila kitu. Kisahani cha kilo 2 kina upana wa milimita 220 hivi, na cha kilo 1 kina upana wa milimita 180 hivi. Tofauti hiyo ya vidole viwili ni kubwa sana kwa kiganja kifupi.

Kisahani hakikamatwi kama sahani ya ugali. Kiganja hulala juu yake, vidole vinne vikatandazwa, na pingili za mwisho tu za vidole hivyo zikapinda na kushika ukingo. Kidole gumba hutulia ubavuni bila kushika kitu. Ikiwa ncha za vidole vya mtoto haziufikii ukingo vizuri pindi kiganja kinapolala karibu na katikati, kisahani hicho ni kipana kwake. Atalazimika kukibana kwa nguvu, na mkono uliokazwa hauwezi kukizungusha.

UZITO UMEKAA WAPI?

Hili ndilo jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui. Visahani viwili vinaweza kuwa na kilo moja kila kimoja, lakini katika kimoja uzito mwingi umekaa kwenye ukingo wa chuma, na katika kingine umesambaa kuelekea katikati. Mizani haitaonyesha tofauti, mkono utaiona.

Mfano wake ni gurudumu la baiskeli. Gurudumu lenye ukingo mzito ni gumu kulianzisha, lakini likishashika mwendo huzunguka kwa muda mrefu. Lenye ukingo mwepesi huanza upesi. Mtupaji hodari mwenye vidole vya nguvu hupenda ukingo mzito, kwa kuwa yeye anaweza kuuzungusha, na mzunguko huo hukishikilia kisahani hewani kama pia inavyosimama inapozunguka kwa kasi. Asiye na nguvu hizo akipewa kisahani hichohicho, hakizungushi vya kutosha. Nacho huyumba kama pia iliyochoka, kikasimama ubavu na kuanguka karibu.

Baadhi ya watengenezaji huandika ni asilimia ngapi ya uzito iliyo ukingoni. Penye 70 au 75 panamfaa anayejifunza, na penye 85 au 90 pameachiwa mabingwa. Ambapo hakuna maandishi, aghalabu kisahani cha bei ya chini ndicho chenye ukingo mwepesi. Hii ni mara moja katika maisha ambapo mwenye mfuko mdogo na mwenye hekima hununua kitu kimoja.

MPIRA AU MBAO?

Kisahani cha mpira mtupu ndicho bora kwa kuanzia. Uzito wake umesambaa mwilini mwote, hakichanji vidole, na kikiangukia kokoto hakipati pengo. Cha mbao chenye ukingo wa chuma ni kizuri pia, lakini hunywa maji kikiachwa kwenye umande, kikavimba na kubadilika uzito. Kifutwe baada ya mazoezi na kuwekwa mahali pakavu. Kikinunuliwa kikuukuu, ukingo ukaguliwe kwa kidole polepole, maana pengo dogo la chuma hukata kama wembe. Kisha kipelekwe kwenye mizani ya dukani, kwa sababu uzito uliochorwa juu yake zamani huenda si uzito wake wa leo.

Familia isiyo na uwezo wa kununua chochote isikate tamaa. Ngata ya makapi ya migomba, ile ya kutwishia mizigo kichwani, ikifungwa kwa kamba ikakaza, ni chombo kizuri cha kumfundisha mtoto kuzungusha kiuno na kurusha kwa mkono ulionyooka.

KUJARIBU KABLA YA KULIPA

Majaribio matatu yanatosha. La kwanza, mtoto ashike kisahani mkono ukiwa umening'inia, aupeleke mbele na nyuma taratibu mara kumi. Kiwiko kikijikunja, au bega likivutwa chini, kisahani ni kizito. La pili, akirushe juu kidogo, kisipite kichwa, akikizungusha kwa kidole cha shahada kinachokuwa cha mwisho kukiacha. Kwa mtumia mkono wa kulia, kisahani kitazunguka kama mishale ya saa kikitazamwa kutoka juu. La tatu, akibiringishe ardhini kama gurudumu, hatua kumi hivi. Kikienda wima na kunyooka, mtoto na kisahani wamepatana. Kikilala upesi, kitafutwe chepesi zaidi.

Wakati wa kupanda uzito utajulikana kwa njia hiyohiyo. Si siku ya kuzaliwa, wala siku jirani alipomnunulia mwanawe kikubwa zaidi. Ni pale mtoto anapotupa akiwa amesimama, bila kujizungusha, na kisahani kikaruka bapa bila kuyumba mara nane katika kumi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: baba aliyesimama pembeni hawezi kuonja uzito ulio mkononi mwa mwanawe.

USALAMA WA KAMBI

Kisahani chepesi bado ni chombo cha kuumiza. Kinachochelewa au kuwahi kutoka mkononi huenda kushoto au kulia, wala hakirudi kikiitwa. Kwa hiyo kisitupwe kati ya mabanda ya kulala wala karibu na njia ya kwenda bombani. Wote wanaongoja zamu wasimame nyuma, mbali na mkono wa mtupaji. Visahani vyote vikishatupwa, ndipo watoto waende pamoja kuviokota, na wavirudishe kwa kuvibeba, kamwe si kwa kuvirusha. Mtu mzima mmoja awepo mwanzo hadi mwisho. Siku ya mvua, kitambaa kikavu kiwe karibu, kwani kisahani kilicholowa huponyoka.

Kisahani cha gramu 750 hakitakuwa cha mtoto mmoja tu. Baada ya mwaka mmoja au miwili, msichana aliyeanza nacho atakuwa amepanda hadi kilo 1, na bega lake litakuwa zima. Mdogo wake atakipokea, kisha mtoto wa koplo wa nyumba ya pili. Kwa safu nzima ya nyumba, huo ni ununuzi mmoja.