Msimwite mtazamaji mjinga: juu ya nyumba ya Rose Red na odio iliyotudanganya



Juma lililopita, katika kipindi chetu cha asubuhi, mwenzangu mmoja wa kazi alitoa neno ambalo mpaka leo halijanitoka kichwani. Tulikuwa tunaongea juu ya ile odio iliyotembea kambini, ile iliyowaambia watu warudi makwao. Akasema: «Mtu anayeamini kila anachosikia, shida ni yake.» Akaongeza mfano: hata Marekani kwenye masomo mengi, watu waliamini nyumba ya mizimu ya kwenye televisheni, Rose Red, wakafikiri ipo kweli. «Wajinga wako kila mahali,» akasema. Studio nzima ikacheka. Mimi pia nilicheka, juu mikrofoni ilikuwa wazi na sikutaka kumwaibisha. Leo narudisha kicheko changu.

Wengi wenu kambini mnaijua filamu hiyo. Kijana anayechaji simu kwa pano ya sola anayo kwenye kadi memori, imetiwa sauti ya Kifaransa, na jioni watu wanaikusanyikia simu moja kama moto wa kuota. Nilikaa nao mara mbili. Niseme kwanza kabla ya yote: ni filamu. Aliyeiandika ni Stephen King, aliyeiongoza ni Craig R. Baxley, na televisheni ABC ya Marekani iliionyesha kwa sehemu tatu mwezi wa kwanza 2002. Hakuna nyumba ya Rose Red katika mji wa Seattle. Zile kuta mnazoziona ni za nyumba moja kubwa iitwayo Thornewood Castle, kule Lakewood, karibu na Tacoma. Watu wanalala pale kwa malipo, wanakunywa chai asubuhi, wanaenda zao.

Hadithi yenyewe ni hii. Tajiri mmoja wa mafuta, John Rimbauer, anamjengea mke wake Ellen nyumba kubwa mwaka 1906. Wajenzi wanakufa hata kabla paa halijawekwa. Baadaye watu wanapotea ndani, na nyumba inaendelea kujiongezea vyumba yenyewe. Miaka mingi inapita, profesa mmoja mwanamke, Joyce Reardon, analeta watu wenye kuona yasiyoonekana ili wailale na kuipima. Mengine mtaona wenyewe.

Sasa, kwa nini Wamarekani waliamini? Mwenzangu hakusema, labda hajui. Mwaka 2001, kabla filamu haijaonyeshwa, kitabu kilitokea madukani. Hakikuitwa hadithi. Kiliitwa shajara ya Ellen Rimbauer, na mtayarishaji wake ni nani? Joyce Reardon, daktari wa chuo kikuu! Jina la mwandishi wa kweli, Ridley Pearson, lilikuja kujulikana baadaye. Wengi walikuwa wanakisia ni King. Kwenye intaneti kukawa na kurasa za Beaumont University, chuo cha huyo profesa, chuo ambacho hakipo duniani. Kukatengenezwa tena filamu fupi iliyovaa nguo za ripoti ya habari, ikieleza maisha ya Ellen kama vile sisi tunavyoeleza maisha ya mtu aliyekufa kweli. Kampuni iliyochapa kitabu, Hyperion, na televisheni ABC, zote mbili zilikuwa mali ya Disney. Kitabu kikauzwa sana.

Kwa hiyo mtazamaji yule alifanya kosa gani? Mtu akisikia jambo la ajabu, tunamwambia atafute ushahidi. Yeye alitafuta. Alikuta shajara, profesa, chuo kikuu, ripoti. Alifanya kile ambacho mwalimu wangu wa kozi ya uandishi wa habari alitufundisha siku ya kwanza: usikubali chanzo kimoja, tafuta cha pili na cha tatu. Alipata vinne, na vyote vinne vilitoka jikoni kwa mtu mmoja. Huyo ndiye tunayemwita mjinga?

Najua jibu. Nimeshalisikia: «Ulikuwa mchezo tu, na watazamaji wengi walijua ni mchezo wakaufurahia.» Nakubali. Wako waliojua, na raha yao ilikuwa ya haki. Hadithi ina ruhusa ya kudanganya. Bibi yangu alipotaka kuanza hadithi, sote tulijua tumeingia humo. Sungura akiongea hakuna mtu aliyemwomba kitambulisho. Lakini yeye hakuwahi kuazima muhuri wa shefu ili tuamini sungura wake. Ugomvi wangu ni juu ya muhuri. Profesa, chuo kikuu, ripoti ya habari, hivyo ni vyombo ambavyo watu wote wanavitumia kupambanua kweli na uongo. Ukiviazima ili uuze kitabu, unavirudisha vikiwa butu, na anayekuja kuvitumia baada yako hakatikii kitu.

Waingereza walilipata hilo miaka kumi kabla ya Rose Red. Tarehe 31 Oktoba 1992, BBC ilionyesha Ghostwatch, mchezo juu ya nyumba ya kawaida ya London yenye mzimu. Ilikuwa imerekodiwa zamani lakini ikaonyeshwa kama matangazo ya moja kwa moja, na aliyeiongoza kwenye skrini ni Michael Parkinson, mtangazaji ambaye nchi nzima ilikuwa inamwamini. Jina la mwandishi wa mchezo lilionyeshwa, nambari ya simu ilikuwepo. Haikusaidia. Simu zilimiminika kwa maelfu, na mwaka 1994 madaktari waliandika katika jarida lao la British Medical Journal juu ya watoto walioumia akili kwa sababu ya kipindi hicho. Watu hawakuamini mzimu, wandugu. Walimwamini Parkinson.

Na sasa turudi kambini.

Ile odio, wengi mliisikia, ilianza na jenerike ya habari zetu. Ile ile, muziki wa saa kumi na mbili jioni, mpaka ile kengele ya mwisho. Baada ya muziki, sauti ya mwanaume, Kiswahili safi, ikasema barabara imefunguliwa, vijiji vimetulia, atakayerudi kwanza ataandikwa kwanza kwa kupewa mabati. Mama mmoja alinieleza alivyofanya. Alisikiliza mara ya kwanza, akatilia shaka. Akasubiri jirani yake aisikilize. Jirani akasema: «Ni radio, mimi najua muziki wao.» Wakaondoka alfajiri, familia nne, na watoto. Walitembea siku nzima. Walikuta njia imefungwa na watu wenye silaha, wakageuka usiku, mvua juu yao. Mtoto wake mdogo alirudi na homa ya mapafu. Bashi yao, waliyoiacha wazi, ilikuwa imeshachukuliwa. Mtoto yuko hai, namshukuru Mungu kwa hilo, lakini alilala hospitalini siku nyingi na mama yule bado anadaiwa.

Nenda kamwambie huyo mama kwamba shida ni yake. Mimi siwezi. Alichokiamini ni jenerike yetu, ambayo sisi wenyewe tulimfundisha kuiamini kwa miaka.

Tena niseme lile ambalo halitanipendeza kesho ofisini. Mwizi wa jenerike hatumjui, lakini mlango tuliuacha wazi sisi. Mwaka uliopita tulirusha mazungumzo na muuza dawa moja ya kuponya kila kitu, kisukari, tumbo, ndoa. Yalirushwa ndani ya habari, na sauti ya mwandishi wa habari ikiuliza maswali, kama kwa daktari. Yalikuwa yamelipiwa. Hakuna aliyewaambia ninyi kwamba yamelipiwa. Mwandishi aliyeuliza maswali yale ni mimi. Nilipewa pesa ya usafiri nikanyamaza. Kwa hiyo ninapoongea juu ya Disney na shajara yake, msifikiri ninatupa mawe kutoka mbali.

Wanaowadharau watazamaji wangekuja pia waketi karibu na ile simu. Nilichokiona pale si ujinga. Ilipotajwa kwamba nyumba ya Rimbauer ilijengwa juu ya makaburi ya wenyeji wa kwanza wa nchi ile, mzee mmoja alisema taratibu: «Basi, hapo ndipo kesi ilipo. Mengine yote ni makelele ya mlango.» Huku Ituri hakuna haja ya kumfundisha mtu maana ya ardhi iliyochukuliwa kwa wenye makaburi yake. Wamama wao waliuliza sana juu ya Sukeena. Mnamkumbuka: yule Mwafrika aliyemuuguza Ellen alipougua safarini Afrika, ugonjwa aliopewa na mume wake mwenyewe, kisha akachukuliwa mpaka Marekani. Ellen anamwita dada. Lakini mtoto wa nyumba anapopotea, polisi wanamkamata nani? Sukeena. Wanamtesa. «Kwao hana hata jina la kijiji,» mama mmoja akalalamika, na ni kweli, filamu inasema Afrika tu, kama vile Afrika ni avenue moja. Jina lenyewe ni kama Sakina wetu, limeandikwa na mtu aliyelisikia dirishani.

Waliuliza tena kama kuna nyumba ya kweli nyuma ya hadithi. Iko moja ambayo King aliifikiria: nyumba ya Sarah Winchester, San Jose, California. Mjane huyo alirithi utajiri wa bunduki za Winchester. Aliijenga nyumba yake tangu 1886, akaendelea mpaka kifo chake mwaka 1922: vyumba kama 160, ngazi inayoishia kwenye dari, mlango unaofungukia hewani. Watu wanasema alijenga ili kuikimbia mizimu ya waliouawa kwa bunduki hizo. Wanahistoria hawajapata ushahidi wa maana wa jambo hilo. Ni maneno yaliyovutia watalii. Nilipoeleza hivyo, kijana wa pano aliudhika kabisa. Alitamani iwe kweli, kwamba mwenye kiwanda cha bunduki kuna usiku hapati usingizi. Nami nilimwelewa, lakini siwezi kumpa kitu ambacho sina.

Mara moja tu nilikatiza filamu. Kuna msichana ndani, Annie, haongei kama wengine, ana ugonjwa wa tangu kuzaliwa, na hadithi inampa nguvu za kuangusha mawe kutoka mbinguni. Mtu nyuma akasema: «Mtoto mchawi, kama yule wa hema za chini.» Watu wakageuza shingo. Nikaomba simu isimamishwe. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009, ya kulinda mtoto, inakataza kumshitaki mtoto uchawi, na ina adhabu. Mtoto wa hema za chini ana kifafa na anahitaji dawa. Huyo wa filamu ni msichana mchezaji aliyelipwa, akamaliza kazi akaenda nyumbani. Wengine walininung'unikia, lakini dada wa yule mtoto alikuwa amekaa palepale mbele, na nilimwona akishusha mabega.

Kwa wakubwa wa radio yetu naomba mambo mawili, nayaandika hapa ili yasipotelee kwenye kikao. Chochote kilicholipiwa kisemwe kimelipiwa, mwanzoni na mwishoni, na kisiingie ndani ya habari. Na habari yoyote ya barabara na ya kurudi vijijini itoke kwa sauti ya mtu anayejitaja jina, na irudiwe saa ile ile kila siku, ili odio isiyo na jina wala saa ijulikane ni mgeni. Kwa ninyi wa kambini: mkisikia jenerike yetu kwenye simu na si kwenye radio, tumeni mtoto aje studio aulize. Hatutamcheka. Mimi mwenyewe nitatoka nje.

Kijana wa pano amefuta ile odio. Filamu ameiweka, ila kadi yake ina sehemu mbili tu, ya tatu haifunguki, na wamama wanataka kujua Sukeena aliishia wapi. Nimeahidi kuja Jumamosi baada ya misa kuwasimulia kwa mdomo. Nitaanza kwa kusema ni hadithi.